Waya wa Mlangoni

Mtu anayefanya kazi yangu anatakiwa awe mtulivu, na mimi si mtulivu. Nikikaa kitini kwa muda wa wimbo mmoja, mguu wa kulia umeshaanza kutikisika wenyewe. Zikifika nyimbo mbili, nimeshatafuna kifuniko cha kalamu hadi kimekuwa bapa. Chumba chenyewe hakina dirisha. Kuta zimevishwa sponji, mlango ni mzito kama wa jokofu la bucha, na katikati kuna kiti kilichozungukwa na spika: tatu mbele, mbili ubavuni, mbili nyuma, na moja kubwa ya besi sakafuni ambayo ikikohoa, chai inacheza kikombeni. Karibu na mlango kuna kiti cha plastiki cha mgeni. Wageni hawakipendi, na siwalaumu.

Kazi ni kuchukua muziki wa zamani, uliotengenezwa kwa ajili ya spika mbili, kuufumua kama sweta na kuufuma upya ili umzunguke msikilizaji pande zote. Halafu kampuni inawauzia albamu ileile watu walewale walioinunua ujanani. Wananunua, tena kwa furaha, kisha wanaandika barua za malalamiko kwamba toazi fulani halisikiki kama zamani. Nimewazoea. Hao ndio wanaonilisha.

Wiki ile walichoniletea kilikuwa *Nyaya Tupu*.

Yeyote wa rika la wazazi wangu aliyewahi kufuga nywele na kugombana na baba yake anaijua *Nyaya Tupu*. Ni roki ya kweli, magitaa yanakoroma kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpiga dramu anapiga kana kwamba amedhulumiwa. Lakini wimbo wa mwisho unatulia, na katikati yake inatokea sauti ya mwanamke, haina maneno, imetanda chumba kizima usijue imeingilia wapi. Kasha la santuri halikumtaja. Wapenzi wa albamu wamebishana miaka nenda rudi mwanamke yule ni nani, na wapo walioapa kwamba si mtu, ni kinanda.

Ni mama yangu. Angalau ndivyo alivyosema baba, na baba ndiye aliyeirekodi. Mama yeye alisema hayumo.

Waliachana kabla sijajua kutembea, kwa hiyo nimekua na begi mkononi, Jumatatu kwa huyu, Jumapili kwa yule. Baba ni fundi spika. Kibanda chake kina harufu ya gundi na risasi iliyoyeyuka ya kuungia nyaya, na wimbo ule ulipigwa humo kila Jumapili kama ibada. Ilipofika sauti ile alikuwa anainua kidole na kuniambia nimsikilize mama yangu, kwamba katika maisha yake hajawahi kurekodi kitu kizuri kuliko hicho. Nikimuuliza kwa nini basi mama aliondoka, alikuwa anajibu kwamba alikasirika jina lake halikuandikwa kwenye kasha, na kasha si kazi ya fundi mitambo. Angemwambia nini.

Mama ni mwalimu wa udereva, wanafunzi wake wanamwita Breki. Gari lake la mafunzo lilikuja na redio, akaing'oa mwenyewe kwa bisibisi na kuweka leso za karatasi kwenye tundu. Nyumbani kwake *Nyaya Tupu* haikutajwa. Siku nilipomlazimisha kusema, alisema neno moja: alinifuta. Baba yako alinifuta. Nilikuwa na umri wa kuota chunusi, na ulimi mrefu. Nikamwambia kwamba nimemsikia kwa masikio yangu, kwa hiyo mmoja wenu anasema uongo, na si baba. Alisimamisha gari pembeni, akanifungulia mlango, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa kanda zenyewe, zile za studio, kila chombo na njia yake, zilikuwa mezani kwangu. Na msimamizi kutoka kwenye kampuni alikuwa ameniandikia ujumbe mmoja: sauti za nyuma uzipeleke nyuma, Ijumaa kanda zinaondoka. Ni mtu wa maneno machache kwa sababu ni mtu wa mawazo machache. Kwa kuwa waitikiaji tunawaita sauti za nyuma, na spika za nyuma zipo, kwake hesabu ilikuwa imekwisha.

Nilianza na wimbo wa mwisho, maana sikuweza kukaa nikingoja kuufikia. Nikazima kila kitu, nikaacha njia za sauti ya mama tu. Zilikuwa mbili, baba alimwekea maikrofoni mbili, bega kwa bega. Kwanza kukawa na ukimya wa chumba, viatu, mtu anasafisha koo. Halafu mama yangu, mdogo kuliko nilivyo mimi leo, akasema kwa sauti ya chini, karibu sana:

"Geuka mbele."

Kisha akaimba.

Sikujua anamwambia nani. Nilijua tu kwamba yumo, sauti yake ni ileile inayowaambia wanafunzi watazame kioo, na kwamba mama amekuwa akinidanganya tangu utoto. Nikakasirika. Nilizunguka kile chumba kama mtu aliyepoteza funguo. Halafu nikarudi kitini nikafanya kazi, kwa sababu hasira haizuii Ijumaa.

Mezani kwangu kuna kisanduku kimoja kidogo, spika moja tu, mbaya kwa makusudi. Kila fundi wa sauti anacho. Ukishamaliza mbwembwe zako zote unakusanya kila kitu kwenye kile kisanduku, usikie itakuwaje kazi yako kwenye redio ya jikoni. Nikakusanya, nikabonyeza. Magitaa yapo, besi ipo, dramu zipo. Pale pa mama hapakuwa na mtu. Kulikuwa na pumzi, na vijisauti vya sisisi kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

Nilidhani nimegusa pasipoguswa. Nikakagua nyaya, nikazima mitambo, nikawasha, nikaitukana. Ilikuwa vilevile. Nikachukua santuri ya zamani yenyewe, ileile ya ujana wao, nikaipitisha kwenye kisanduku. Hayupo. Nikairudisha kwenye spika mbili. Yupo, ametanda kama kawaida. Spika moja, hayupo. Mbili, yupo.

Hapo nikakaa chini, na mguu ukatulia.

Ndani ya waya wa maikrofoni mna nyaya mbili. Ukiziunga kinyume, sauti bado itapita, ila imegeuka: pale inapotakiwa kusukuma, inavuta. Ukiwa na maikrofoni mbili na mmoja wa nyaya zake umegeuzwa, kwenye spika mbili zilizoachana utapata sauti iliyotanda ajabu, usijue inatoka wapi. Lakini zikutanishe kwenye spika moja, ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Mlango hauendi popote. Baba alimsikiliza mama maisha yake yote kwa spika mbili. Na mama? Nilijua redio zote zilizowahi kupigwa nyumbani kwake. Hakuna hata moja iliyokuwa na spika ya pili.

Nilimkuta mama kwenye uwanja wa mafunzo, mwanafunzi wake amepanda gurudumu moja juu ya ukingo wa njia na anaomba radhi. Nilisubiri hadi kijana wa watu ashuke. Nikaingia kwenye kiti cha dereva, nikamwamkia, nikamuuliza albamu ile aliisikia wapi mara ya kwanza.

Akasema hana habari na hayo mambo. Nikauliza tena. Akapangusa dashibodi isiyo na vumbi, akasema kwenye redio ya mama mwenye nyumba. Mtangazaji alitangaza wimbo mpya, yeye akawaita wapangaji wote wakajaa sebuleni, mimi niko mgongoni mwake. Wimbo ukapigwa. Mahali pake palipofika, pumzi tu. Wakamtazama, mmoja akacheka.

"Sauti alitoa, pumzi akaacha," alisema mama. "Ili nijue ni yeye na amefanya kusudi. Na nilipomwambia anajua alichofanya, akaanza kunieleza habari za kasha."

Nikamwambia yumo. Akasema hayumo. Nikamwambia lazima redio ile ilikuwa na spika moja. Akasema spika ni spika, na kama nimekuja kumtetea baba yangu nishuke, gari lina mwanafunzi saa hiyo hiyo. Nikamwambia sawa, basi aje studio anionyeshe mbele ya macho yangu kwamba hayumo, nikome. Mama hajawahi kukataa nafasi ya kumthibitishia mtu kwamba amekosea. Akaniambia kesho mchana, na nisimcheleweshe.

Alikuja na mkoba kifuani, akazitazama zile spika kama gari la mtumba. Hakutaka kiti cha katikati. Alikaa kwenye plastiki, karibu na mlango, nikaona anatazama sponji za ukutani na kukunja mdomo. Nilianza na kisanduku, kwa makusudi. Ilipofika pale pake, pumzi na sisisi.

"Umeona?" akasema. Hakuwa na furaha ya ushindi. Alisema tu kama mtu anayeonyesha kovu.

Nikabonyeza swichi, zikawaka spika mbili za mbele.

Mama alisimama. Mkoba ulianguka, funguo za gari zikamwagika, hakuna aliyeziokota. Sauti yake ya usichana ilitanda chumbani, nzima, bila aibu, ikapanda pale inapopanda, ikashuka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Wimbo ulipokwisha akaniambia nirudie kisanduku. Nikarudia. Hayupo. Spika mbili. Yupo. Akanifanyisha hivyo mara nyingi, mimi nabonyeza kama mwanafunzi wake, yupo, hayupo, yupo, hadi akainua mkono nikaacha.

Nikamweleza waya. Nikamweleza watu wawili na mlango. Mama si mtu wa mitambo lakini anajua gari, na anayejua gari anajua betri, anajua chanya na hasi. Hakuniuliza swali. Alirudi kukaa, akaokota funguo moja moja.

"Afadhali angenifuta," akasema.

Sikuelewa.

"Ningekuwa nimeondoka kwa sababu. Sasa nimeondoka kwa ajili ya waya."

Mimi nikikosa la kusema nasema lolote, kwa hiyo nikaanza kumweleza habari za kazi. Kwamba ule waya ninaweza kuugeuza sasa hivi kwa kitufe, sauti ikasimama imara, ikasikika hata kwenye redio ya jikoni. Kwamba tatizo lililobaki ni mahali pa kumweka, maana sasa kuna pande zote, na msimamizi anataka sauti za nyuma ziende nyuma.

Akanitazama. Nikajua nimekosea.

"Hata safari hii, nyuma?"

Nikamwambia mimi ndiye ninayeshika usukani, si msimamizi. Aniambie tu anataka kukaa wapi. Nitamweka mbele katikati, magitaa yampishe, na wapenda malalamiko waandike barua hadi wino uwaishie. Alikuwa anakitazama kiti changu, halafu mlango, halafu kiti.

Ndipo akaniambia jinsi ilivyokuwa. Studio yao ilikuwa ndogo, nafasi yote imemezwa na dramu. Mimi nilikuwa kichanga, nimelazwa koridoni ndani ya kasha la dramu lililotandikwa kanga, na yeye alikataa kuimba mahali ambapo hanisikii nikilia. Baba akasema basi simama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Waya wa pili wa kufika mlangoni haukuwepo. Akaunga mmoja palepale, haraka haraka, mama amesimama anamwangalia, mimi nimeanza kufurukuta. Halafu akakaa kwenye mitambo, mgongo kwa mama, na kila mama akitaka kuanza anamkuta amegeuka kumtazama. Mama alikuwa hawezi kuimba akitazamwa na baba. Alikuwa anacheka.

"Ndiyo nikamwambia," akasema, na hakumalizia.

"Ageuke mbele," nikasema.

Akashtuka. Hakujua kwamba kanda ilibaki na maneno hayo. Nikamsikilizisha mara moja, na safari hii hakuweka mkono mdomoni, alikaza shingo tu.

"Niweke hapo," akasema. "Nilipokuwa nimesimama."

Nilipima kwa macho. Anayesikiliza amekaa kiti cha katikati, uso kwenye mitambo. Mlango uko mgongoni kwake, kidogo kushoto. Nyuma. Msimamizi alikuwa amepatia bila kujua lolote, na hilo liliniudhi kuliko alivyowahi kuniudhi kwa kukosea.

Nikageuza waya kwa kitufe, nikampeleka mama nyuma kushoto, karibu na mlango wa kweli. Nilikuwa bado napanga alipoamuru, kwa sauti ya uwanja wa mafunzo:

"Mwite."

"Nani?"

"Mkosea waya."

Nilimpigia baba pale pale, mama akiwa ananisikiliza na anajifanya anatafuta kitu mkobani. Nilimwamkia, nikamwambia nimegundua kitu kwenye *Nyaya Tupu*: waya mmoja wa maikrofoni ya mama uliungwa kinyume. Nilitegemea abishe. Baba hubisha hata saa ya ukutani.

"Ule wa mlangoni," akasema. "Mwekundu. Niliuunga nikiwa nimesimama." Kisha nikasikia kwenye simu feni yake inazunguka, na nyundo ya jirani. Yeye ni fundi. Hakuhitaji mfano wa mlango. "Kwa spika moja?"

"Hayupo, baba. Pumzi tu."

Nyundo iligonga, ikagonga tena.

"Yule mama mwenye nyumba," baba akasema polepole, "alikuwa na redio ya spika moja. Niliitengeneza mimi."

Nikamwambia aje. Hakuuliza kwa nini.

Kutoka kibandani kwake si mbali, lakini kungoja kule kulinimaliza. Nilifuta meza. Nilizungusha nyaya ambazo zilikuwa zimeshazungushwa. Mama alisimama, akaketi, akasimama, akaniuliza kama koridoni kuna kioo, kisha akasema hakuna haja. Ilipopigwa hodi getini akatoka, akanionya kwamba nikimwambia baba kuwa yeye yupo, nimtafute mama mwingine. Akaingia chumba cha vifaa, kilicho upande wa pili wa korido.

Baba aliingia na shati lake la kazini, lenye matundu madogo ya cheche kifuani. Akazitazama spika moja moja kwa utaratibu wa daktari, akagusa moja kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa anatafuta cha kufanya na mikono. Nikamwonyesha kiti cha katikati. Akakaa, akaweka viganja juu ya magoti, mbele yake mitambo, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi shingo yake ilivyokonda.

Akaniuliza nimemweka mama yangu wapi. Nikamwambia asikilize.

Magitaa yalikoroma kumzunguka, dramu zikapita juu, akatabasamu kidogo kumkumbuka yule mpiga dramu aliyedhulumiwa. Kisha vyote vikashuka. Ukimya wa chumba kile cha zamani ulikuja, viatu, mtu anasafisha koo. Ule ukimya nilikuwa nimeuacha makusudi, na maneno yake. Kwenye santuri ya zamani vilikatwa.

Shingo ya baba ilianza kugeuka. Nadhani hakujua kama inageuka.

"Geuka mbele," sauti ikasema nyuma yake, kutoka mlangoni.

Shingo ikasimama palepale. Akarudisha uso kwenye mitambo, akatii kama alivyotii siku ile, na machozi yakamshuka akiwa ameuelekeza uso kwa usahihi kabisa kwenye spika ya katikati. Mama aliimba. Sasa hakuwa ametanda, hakuwa kinanda, alikuwa mwanamke mmoja amesimama mahali pamoja, nusu ndani nusu nje. Mlango ulikuwa umefunguka. Nilimwona mimi tu, amesimama na mkoba wake kifuani, haimbi, midomo inafuata.

Wimbo ulikwisha. Spika zilibaki na kile kivumi kidogo cha kanda tupu, na baba hakusogea. Alibaki amekaa vile, mikono magotini, kama anayengoja ruhusa.

"Haya," mama akasema. "Sasa geuka."

Sikungoja kuona. Nikachukua kalamu yangu iliyotafunwa, nikapita ubavuni kwa mama, nikatoka koridoni, nikauvuta mlango nyuma yangu. Nikakaa sakafuni kati ya makasha ya vyombo. Mlango ule haupitishi kitu, nimeulipia mwenyewe usipitishe kitu. Nilitega sikio hivyo hivyo.